Kiraka cha Bati la Mafuta

Kabati la santuri lililopo sebuleni kwangu hapa Benaco linamfika mtu mzima kifuani. Juu lina kifuniko chenye bawaba, na chini ya kifuniko kuna sahani inayozunguka, iliyovikwa kitambaa kinene cha kijani. Mbele kuna milango miwili: wa juu unafunguka kwenye pembe ya mbao inayotolea sauti, wa chini kwenye rafu za kutunzia santuri. Halina waya wala betri. Ukitaka muziki unashika hendeli iliyo ubavuni, unazungusha mpaka kamani ikaze, unaachia breki, kisha unalaza sindano. Umeme ukikatika kata nzima ya Kasulo, lenyewe linaendelea kuimba.

Nimelitengeneza kwa miaka kadhaa, jioni na wakati wa likizo za shule, pamoja na mzee mmoja seremala ambaye karakana yake iko nyuma ya maegesho ya malori. Hakuna aliyetutuma, na sikulichukua kwa nia ya kuliuza. Ni kazi ya mapenzi tu. Lakini kazi ya mapenzi nayo inafundisha, na hii ilinifundisha jambo ambalo miaka yangu yote ya ualimu haikuwa imenionyesha waziwazi.

Nililikuta dukani kwa mama mmoja hapa njiapanda, kabla barabara haijagawanyika, moja kwenda Rusumo na nyingine kupanda Ngara mjini. Lilikuwa limesukumwa ukutani, limejaa mikate, sabuni na betri za tochi. Mama huyo tunafahamiana siku nyingi na wanawe nimewafundisha, lakini siku zote nilikuwa nikitazama mikate. Siku hiyo kifuniko kilikuwa wazi, nikaona ekseli ndogo ya chuma ikichungulia katikati ya ubao.

"Mama, hiki si kinanda cha santuri hiki?"

"Ndicho, mwalimu. Kilikuwa cha baba mkwe. Kiliacha kuimba kabla sijaolewa."

"Ungeniuziaje?"

"Nikuuzie kinanda kisichoimba? Nipe bei ya mbao, na uniletee kabati jingine la mikate."

Mzee seremala akachonga kabati la mikate kwa mgrevilea, nami nikakabidhiwa kinanda. Tulikibeba kwa mkokoteni, tumekifunga kwa kamba, watoto wakisindikiza.

Baba mkwe wa mama alikinunua kutoka kwa familia ya mchuuzi wa kahawa wa Bukoba. Hilo linaeleweka. Bei ya kahawa ilipopanda miaka ya 1920, Wahaya waliokuwa na mashamba makubwa na waliokuwa wakichuuza walijenga nyumba za bati, wakanunua baiskeli na cherehani, na wenye uwezo zaidi wakaleta vinanda vya santuri. Beji ya kampuni iliyounganisha kabati letu imeng'oka, yamebaki matundu ya misumari tu. Mota ina chapa ya Garrard, kiwanda cha Swindon, Uingereza, lakini Garrard waliwauzia mota watengenezaji wengi wa makabati, kwa hiyo chapa ile haikutosha kutuambia kabati ni la nani. Umri tuliukadiria kwa umbo. Pembe imefichwa ndani ya sanduku, mtindo ulioletwa na kampuni ya Victor ya Marekani mwaka 1906 kwa mashine yao ya Victrola, na baadaye karibu kila kiwanda kikauiga. Na duara la ndani ya kisanduku cha sauti ni la ulanga, si la alumini, ambayo ilishika soko baada ya kurekodi kwa umeme kuanza mwaka 1925. Tukasema: ni la miaka ya 1920, katikati hivi. Tukaishia hapo, maana kukisia zaidi kungekuwa kujidanganya.

Kazi yenyewe tuliianza kwa kuligeuza nyuma. Mzee ana kanuni kwamba samani haisomwi mbele, husomwa mgongoni, ambako fundi hakutarajia kutazamwa.

Mgongo haukuwa wa asili. Zilikuwa mbao za kreti, zimepigiliwa misumari iliyonyooshwa baada ya kupinda. Chini ya mbao hizo palikunjwa kipande cha turubai la plastiki, lile la buluu na jeupe ambalo kila mtu wa Ngara mwenye umri wangu analijua. Na chini ya turubai, kwenye sakafu ya pembe ya sauti ambako mchwa walikula mpaka pakatokea tundu la ukubwa wa kiganja, palikuwa na kiraka cha bati. Kilikatwa kutoka kwenye kopo la galoni la mafuta ya kupikia ya msaada kutoka Marekani. Nusu ya herufi bado zinasomeka. Kingo zake zimekunjwa pande zote ili zisimkate mtu mkono. Misumari ni midogo na imepangwa kwa nafasi sawa, kila mmoja umeingia nusu tu ya unene wa ubao.

Nilirudi dukani kuuliza.

"Ah, hiyo ni kazi ya kijana mmoja wa kambini," mama akasema. "Mnyarwanda, seremala. Mchwa walikuwa wanatoka kwenye kabati wanaingia kwenye unga. Nilimpa ndizi na mkaa. Alikuwa na mkono mwepesi, mwalimu. Baada ya ile Desemba sikumwona tena."

Wasomaji walio mbali na huku huenda wanalijua jina la Benaco kwa sababu ya kambi hiyo tu. Jina ni la kampuni ya Waitaliano waliojenga barabara, wakaondoka, jina likabaki. Tarehe 28 Aprili 1994 watu waliokuwa wakiikimbia Rwanda wakati wa mauaji walianza kumiminika kwenye daraja la Rusumo, na kwa muda wa siku moja hivi walivuka watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 170,000 na 250,000. Walitembea mpaka kwenye vilima hivi, wakaketi. Mahali palipokuwa na nyasi na miti ya miyombo pakawa na watu wengi kuliko miji mingi ya mikoa yetu. Kulikuwa na masoko, vinyozi, washonaji, maseremala. Kulikuwa pia na hofu ndani ya mahema, kwa sababu baadhi ya waliovuka walikuwa wameua, na waliendelea kuwatawala wengine kambini. Desemba 1996 karibu wote walirudishwa, safu ndefu juu ya barabara ile ile, kuelekea daraja lile lile. Vilima vilibaki vipara. Kuni za kupikia watu wote hao kwa zaidi ya miaka miwili zilitoka kwenye msitu uliokuwa ukionekana kutoka mlangoni kwa mama.

Kwa hiyo kiraka kile hakikuwa takataka. Lakini wakati huo sikujua la kukifanyia, tukakiacha tukaenda kwenye mambo mengine.

Rangi ya kabati ilikuwa nyeusi ya moshi na masizi. Kijana wa karakana alitaka kuipiga msasa mpaka kwenye mbao na kuipaka vanishi mpya. Mzee akamzuia. Alichovya kijiti cha pamba kwenye tapentaini, akagusa mahali pa siri chini ya kifuniko, hakikutokea kitu. Akachovya kingine kwenye spiriti, akagusa. Ile ngozi ngumu ikalainika na kunata kidoleni.

"Shelaki," akasema. "Hii haivuliwi. Inaamshwa."

Shelaki ni utomvu wa mdudu mdogo anayeishi kwenye matawi ya miti huko India na nchi za jirani zake. Unakwanguliwa, unayeyushwa, unakaushwa kuwa vipande vyembamba vya rangi ya asali. Ukiviloweka kwenye spiriti unapata polishi ambayo maseremala wa kale walipaka kwa kitambaa kilichofungwa pamba ndani, kwa mzunguko, tabaka nyembamba baada ya nyingine. Sifa yake kubwa ni kwamba tabaka mpya inayeyuka na kuungana na ile ya zamani, hata ikiwa imekaa miaka 100. Tulisafisha masizi kwa maji kidogo na sabuni laini, tukakausha papo hapo, kisha mzee akapitisha brashi laini yenye spiriti. Nyufa ndogo zilizotapakaa juu ya kifuniko zikaanza kujifunga zenyewe mbele ya macho yetu, na mishipa ya mbao ikajitokeza chini yake, nyekundu iliyokolea. Nilishika taa ya simu karibu kabisa nikaona jambo hilo likitendeka, na nakiri kwamba machozi yalinilenga.

Santuri zenyewe za zamani zimetengenezwa kwa shelaki hiyo hiyo, ikichanganywa na unga wa mawe na masizi meusi. Mwenye santuri hizo asizisafishe kwa spiriti hata siku moja, zitayeyuka. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa kisichoacha nyuzi, na kibandiko cha katikati kisiloe. Na kwa sababu shelaki ilikuwa bidhaa ya India, si ajabu kwamba njia ya santuri za Kiswahili nayo ilipitia huko. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake wa Zanzibar walipanda meli kwenda Bombay kurekodi. Mwanamke aliyezaliwa Fumba katika ukoo wa kitumwa, aliyekuwa akitembeza vyungu akiviuza, sauti yake ikakandwa ndani ya utomvu wa mdudu na kurudishwa kwetu ndani ya bahasha za karatasi. Shaaban Robert ameandika wasifu wake. Kila shule inapaswa kuwa nao.

Baada ya rangi ilikuja gundi, na hapo ndipo nilipopata somo langu.

Ubao wa upande wa kushoto ulikuwa umefumuka kwenye viungio, na vinia ya mlango wa chini ilikuwa imevimba na kuachia. Nilikuwa nimenunua gundi nyeupe ya dukani, nzuri, inayoshika kwa nguvu. Mzee aliiweka rafuni akatoa sufuria mbili, ndogo ndani ya kubwa yenye maji ya moto. Ndani ya ile ndogo alikuwa na gundi ya ngozi ya ng'ombe, ya rangi ya kahawia, ambayo alifundishwa kuitengeneza ujanani kwenye karakana ya misheni. Haitakiwi kuchemka; ikichemka inapoteza nguvu. Unaipasha kiasi cha kidole kuvumilia kwa shida, unapaka upesi, unabana kwa klampu, unaondoka.

"Mzee wangu," nikamwambia, "hii ya dukani si ina nguvu zaidi?"

"Ina nguvu, mwalimu. Tatizo ni hilo. Hii yangu ukiipasha na kitambaa chenye maji ya moto inakuachia. Ile haikuachii mpaka upasue ubao. Sasa tazama." Akaweka kitambaa cha maji ya moto juu ya kiungio kilichokuwa bado kimeshika, kilichounganishwa kiwandani kabla hajazaliwa. Baada ya muda akatia kisu chembamba, akakizungusha kidogo. Kiungio kikafunguka kizima, bila uzi mmoja wa mbao kuchanika. "Aliyefanya hivi alijua kuna mwingine atakuja. Alinifungulia mlango."

Nimelifikiria neno hilo kuliko mambo mengi niliyosoma vitabuni. Kabla ya hapo niliamini kwamba kazi bora ni ile isiyoweza kuondoka: gundi isiyoachia, msumari usiong'oka. Mzee ananiambia kwamba ubora una upande wa pili. Kitu kitaharibika tena, hilo halina shaka. Mchwa hawaachi kuzaliwa. Fundi mwema anafanya kazi yake ishike kwa muda wote inaotakiwa kushika, kisha impe nafasi fundi wa kesho aifungue bila kuharibu kilichokuwapo. Yule wa kesho huenda atakuwa na ujuzi mkubwa zaidi, au vifaa bora, au sababu ambazo sisi hatuwezi kuziwaza.

Nikarudi kuitazama ile misumari ya kiraka, iliyoingia nusu ya unene wa ubao. Yule kijana wa kambini hakuwa na gundi ya ngozi wala karakana. Alikuwa na kopo la mafuta na misumari iliyonyooshwa juu ya jiwe. Angeweza kupigilia misumari ya inchi tatu ikapenya mpaka upande wa pili na kupasua pembe nzima. Mama asingejua, na ndizi zake angepewa. Yeye, aliyeishi chini ya turubai, asiyejua atalala wapi mwaka unaofuata, alifanya kazi ambayo ingeweza kutenduliwa na mtu mwingine baadaye. Sijui mtu huyo alikuwa nani wala aliona nini kabla ya kuvuka daraja. Ninachojua ni kazi ya mikono yake, na kwa kazi hiyo namheshimu.

Mambo mengine hayatenduliki, na Benaco tunayaona kila asubuhi. Mninga uliokatwa mwaka 1994 kwa ajili ya kuivisha maharage haujarudi. Mti huo unahitaji miongo mingi kufikia unene wa kutoa mbao. Miti iliyopandwa baadaye, migrevilea na mingineyo, imesaidia, na siidharau. Hata kabati la mikate la mama limetokana nayo. Ila msitu wa miyombo si kitu unachokifungua na kukifunga upya. Ndiyo maana tulipohitaji kipande cha kubadilishia sakafu ya kabati iliyoliwa, mzee hakutaka kusikia habari ya gogo jipya. Tulitumia mninga wa mlango mkuukuu uliotupwa wakati nyumba moja ya Nyakahura, upande wa Biharamulo, ilipobomolewa. Alichonga kipande kikaingia kwenye nafasi ya kile kilichooza, hakukipaka rangi ya kukificha. Ukiinama unakiona: chekundu zaidi, kimekaa kimya mahali pake.

Mota ilinipa hofu kuliko sehemu nyingine. Kamani ni ukanda mrefu wa chuma cha pua uliosokotwa ndani ya kopo la duara, na hata ukidhani umeishiwa nguvu, unabaki na nguvu ya kukata vidole. Unaulegeza kwanza mpaka mwisho kwa kuachia mota izunguke yenyewe, kisha unautoa taratibu, mzunguko mmoja mmoja, ukiwa umevaa glavu nene, mikono ndani ya gunia. Grisi ya ndani ilikuwa imegeuka kuwa kitu kigumu kama ugali wa jana. Hiyo ndiyo iliyofanya mota, tulipojaribu kuizungusha mara ya kwanza, itoe kishindo na kusimama: mikunjo ya kamani ilikuwa imegandana, ikiachiana kwa mikupuo. Tuliiosha kwa mafuta ya taa, tukaikagua inchi kwa inchi kutafuta ufa, hatukuuona. Grisi mpya, yenye unga mweusi wa grafaiti, niliipata kwa dereva wa lori anayekwenda Kigali, ambaye hakukubali kulipwa ila alitaka kuahidiwa kwamba ataitwa siku kinanda kitakapoimba.

Kinachodhibiti mwendo ni kifaa kidogo ambacho ningependa kila mwanafunzi wangu wa sayansi akione. Kwenye mhimili mwembamba kuna vipande vitatu vya risasi, kila kimoja kwenye ukanda wake wa chuma chembamba. Mhimili ukienda kasi, vipande vinatanuka nje. Vikitanuka vinavuta kisahani. Kisahani kinagusa kipande cha ngozi chenye mafuta, na mwendo unapungua. Ukipungua sana, vipande vinarudi ndani, kisahani kinaachia. Mashine inajirekebisha yenyewe bila kuambiwa. Kuipima haihitaji kifaa chochote: unachomeka kipande cha karatasi chini ya ukingo wa santuri, unashika saa, unahesabu karatasi inapita mara ngapi kwa dakika. Inatakiwa 78. Unakaza au kulegeza skrubu mpaka ifike.

Kisanduku cha sauti kilikuwa kizima isipokuwa mipira yake, iliyokauka ikawa inakatika. Ndani yake kuna duara jembamba la ulanga, lile jiwe linalochanika tabaka kwa tabaka, ambalo hapa kwetu lilichimbwa milima ya Uluguru tangu enzi za Wajerumani. Sindano inasoma mfereji wa santuri, mtikisiko unapanda kwa mkono mdogo wa chuma mpaka katikati ya ulanga, ulanga unatikisa hewa, hewa inapita kwenye pembe. Hakuna kingine. Mipira mipya tuliikata kutoka kwenye kile kimpira laini kinachovalishwa valvu ya baiskeli. Unene wake ulikuwa sawasawa.

Sindano za chuma zinatakiwa kubadilishwa kila upande wa santuri, maana zinalika na kuanza kula mfereji. Wenye santuri nyingi wa miaka ya 1930 huko Ulaya walikuwa wakinunua sindano za miiba, zilizosugua santuri kwa upole zaidi. Miiba hapa hatununui. Mzee alichagua miiba mikavu ya mgunga, akaikata urefu, akainoa kwa msasa laini kabisa kwa kuizungusha kati ya vidole. Sauti yake ni ya chini kuliko ya chuma, lakini ina upole ambao napenda.

Ndipo tukarudi kwenye kiraka, kwa sababu kilikuwa kinavuma. Santuri yetu ya kwanza ilikuwa ya Cuban Marimba ya Morogoro, ile bendi ya Salum Abdallah, ambaye alikulia kwenye muziki wa Kuba ulioletwa Afrika Mashariki na santuri za mfululizo wa GV kuanzia miaka ya 1930. Kila gitaa lilipopanda, bati nalo liliitikia chini yake, zzz. Mzee akasema tuling'oe, tuweke ubao. Kwa upande wa ufundi alikuwa na haki. Pembe ya sauti si mahali pa bati, na kiraka kinang'oka kwa urahisi, kwani kiliwekwa hivyo.

Mimi nilikataa, na tulibishana kwa muda mrefu. Hoja yangu ilikuwa kwamba kurudisha kitu kilivyotoka kiwandani ni namna mojawapo tu ya kukitendea haki. Kabati hili halikuishi kiwandani. Liliishi Bukoba kwenye nyumba ya kahawa, likaishi dukani na mikate, na mwaka mmoja mtu aliyepoteza karibu kila kitu aliliokoa lisiliwe lote. Tukiondoa bati, tutakuwa na kinanda kizuri cha miaka ya 1920 kilichopaa juu ya miaka ya kambi kana kwamba haikuwapo. Hapa Benaco hatuna makumbusho ya kambi. Zipo hadithi, zipo mashimo ya vyoo yaliyofukiwa, ipo Radio Kwizera iliyoanzishwa mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi na bado inasikika. Na lipo bati hili.

Mzee alinyamaza, akavuta kiko chake, kisha akapasha gundi. Alikata vipande vya karatasi ya mfuko wa saruji, akavibandika kwa gundi ya ngozi upande wa ndani wa bati, tabaka juu ya tabaka, na kuzunguka kingo zake zote, misumari ikabaki ilipo. Kilipokauka mvumo ulikwisha. Na mtu yeyote atakayetaka kuona bati au kulitoa, kitambaa cha maji ya moto kitamtosha.

Siku ya kulisikiliza tulimwita mama wa duka, na yule dereva alikuwa njiani kutoka Rusumo akapaki lori. Mama alitaka kuona kiraka kwanza. Akainama, akapitisha kidole kwenye herufi zilizobaki upande wa nje, akasema, "Huyu kijana alikula ndizi zangu kwa haki." Kisha akataka wimbo urudiwe.

Tangu wakati huo nimebadilisha mambo kadhaa shuleni. Insha za wanafunzi nasahihisha kwa penseli, ili mwanafunzi mwenye hoja aweze kufuta alama yangu na kunionyesha kwa nini. Madawati tunayatengeneza kwa boliti mahali ambapo zamani tulipigilia misumari mirefu. Mguu ukivunjika unafunguliwa mguu tu, ubao unabaki. Kila tunapokubaliana jambo kwenye kikao cha wazazi, naomba liandikwe na sababu yake, siyo uamuzi peke yake, kwa ajili ya kamati ijayo itakayotaka kuubadilisha. Wengine wanaona ni usumbufu. Mimi naona ni heshima kwa watu ambao hatujakutana nao.

Ndani ya mlango wa chini wa kabati tumebandika karatasi, kwa gundi ile ile. Imeandikwa kilichofanywa: spiriti na shelaki juu, gundi ya ngozi kwenye viungio vyote, sakafu ya mninga wa mlango, kimpira cha valvu kwenye kisanduku cha sauti, karatasi za saruji juu ya bati, bati la miaka ya kambi lisitolewe bila sababu. Mstari wa mwisho ni wa breki, ambayo bado inateleza kamani ikiwa imejaa. Mjukuu wa mzee ameshaikata ngozi mpya ya kuivalisha; anasubiri nikitoka shule tuifungue.